Muulize Fundi: Usukani usiokukaa mikononi

Toleo lililopita tulizungumzia mnyororo na sproketi, nikajiandaa kupokea barua za mnyororo. Wapi! Zimekuja za viganja, mabega na viuno. Nimechagua zile ambazo jibu lake litamfaa na mwingine. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, maana wengi wanaoniletea pikipiki hapa gereji, jirani na Msamvu, Morogoro, wana tatizo hilohilo ila wanalileta kwa jina lingine: "Fundi, pikipiki inanichosha."

Fundi, shikamoo. Mimi ni bodaboda Singida mjini, nina Boxer 150. Ni mrefu, futi sita na inchi mbili. Kila nikirudi kutoka Ikungi, kidole cha mwisho na cha pete mkono wa kulia vinakufa ganzi, na kiuno kinawaka. Nikipakia abiria wawili au kreti za soda ndiyo inazidi, nakaa karibu na tenki mpaka magoti yanatoka pembeni. Mwenzangu kijiweni amechomelea vipande vya bomba, usukani wake umepanda inchi nne, anasema amepona. Na mimi nifanye hivyo?
*Dereva mrefu, Singida*

Marahaba, mwanangu. Usichomelee chochote kwenye usukani. Bomba lile ni tupu ndani na kuta zake ni nyembamba. Ukilipiga moto wa kuchomelea, chuma cha kando ya mshono kinabadilika, na ufa huanzia pale, chini ya rangi, usiuone. Pikipiki inatetemeka kutwa nzima, ufa unazidi kutembea. Siku ya kukatika haitakuwa siku pikipiki imeegeshwa kijiweni. Itakuwa unapobana breki ya mbele kwa ghafla au unapotumbukia shimoni, kwa sababu hapo ndipo mwili wako wote unaegemea mikono. Mwenzako hajapona, bado tu haujamkatikia.

Sasa tuje kwako. Vidole ulivyovitaja vimenieleza mengi. Kidole cha mwisho na cha pete vinapata hisia kupitia neva inayopita sehemu ya chini ya kiganja, upande wa kidole cha mwisho, karibu na ngozi. Ukiegemea pale muda mrefu, hasa kifundo cha mkono kikiwa kimepinda, neva inabanwa na ganzi inaanza. Mwenye ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati anabanwa neva nyingine, ile inayopita katikati ya kifundo, na mara nyingi huyo anaendesha kifundo kikiwa kimekunjwa juu au chini. Kwa hiyo kabla hujashika spana, jua kwanza ni vidole vipi. Na kama ganzi haiondoki hata ukipumzika siku kadhaa, au vitu vinaanza kukuponyoka mkononi, au inakuamsha usiku, hiyo haiko tena kwenye uwezo wa fundi pikipiki. Nenda hospitali.

Kwako wewe sababu ya kwanza haiko kwenye usukani, iko nyuma yako. Abiria wawili wanakusukuma mpaka unakalia tenki. Mtu wa futi sita aliyekaa pale usukani unamfika tumboni: viwiko vinatoka nje, vifundo vinapinda, mgongo unajikunja. Ukiupandisha usukani inchi nne huku umekaa palepale, utakuwa umeyahamisha maumivu kutoka viganjani kwenda mabegani. Sheria inasema abiria mmoja, na hapo sheria na kiuno chako vinasema kitu kimoja. Kreti nazo zikae kwenye keria, zifungwe kwa mpira zisisogee, siti ibaki yako. Ila usizirudishe nyuma kupita sana ekseli ya tairi la nyuma, maana mbele kutakuwa kwepesi na pikipiki itaanza kuyumba.

Mikono kazi yake ni kuongoza. Mwili unabebwa na makalio, miguu na misuli ya tumbo. Ukiona baada ya safari viganja vina alama za gripu, ujue vimefanya kazi isiyokuwa yao.

Ukishapata nafasi yako kwenye siti, ndipo tuuangalie usukani. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, mahali tambarare. Panda, weka miguu mahali pake, kaa vile unavyokaa ukiwa peke yako. Fumba macho, achia mabega yashuke, halafu nyosha mikono mbele kana kwamba unashika usukani, lakini usiutafute. Fumbua macho uone ngumi zako ziko wapi na gripu ziko wapi. Mwambie mtu akupige picha kwa simu kutoka ubavuni. Viwiko viwe vimekunjika kidogo, si vimenyooka wala si vimebanwa mbavuni. Kama ngumi zimekaa juu ya gripu na mbele yake, basi usukani unatakiwa kwenda huko.

Andaa spana namba 12 (bolti nyingine huchukua 13, nyingine spana ya L namba 6), spana namba 10, makapeni na kitambaa kizito. Kitambaa kitandike juu ya tenki, la sivyo mkono wa breki utakuchorea rangi. Pikipiki nyingi za kazi, Boxer, TVS, Haojue na jamaa zao, usukani umeshikwa katikati kwa vibano vyenye bolti nne. Karibu na kibano, kwenye bomba lenyewe, mara nyingi utakuta kitone kilichogongwa kiwandani. Hicho ndicho kinachoonyesha usukani ulikaaje ulipotoka kiwandani. Kama hukioni, piga mstari wa makapeni kutoka kwenye kibano hadi kwenye bomba. Ukiharibu, unajua pa kurudi.

Legeza bolti, usizitoe. Ukiuzungusha usukani kwenda mbele, gripu zinapanda na kusogea mbali nawe. Ukiuzungusha kuja nyuma, zinashuka na kukukaribia. Wewe mrefu nenda mbele, lakini kidogo. Bomba lina kipenyo cha milimita 22, kwa hiyo milimita moja pale kwenye kitone inakuwa zaidi ya sentimita moja kule kwenye gripu. Watu wanazungusha kwa fujo, halafu wanalalamika kwamba mambo yamekuwa mabaya zaidi. Ukiitazama pikipiki kwa ubavu, ile sehemu ya usukani inayopanda juu isiachane sana na mlalo wa shokapu za mbele. Ukiupita sana mlalo ule kwenda mbele hutaupenda usukani wako kwenye kona.

Wakati wa kukaza, kagua vibano vya juu. Vikiwa na kitone au mshale, upande huo unakaa mbele. Bolti za mbele zinakazwa kwanza mpaka mwisho, kisha za nyuma, na uwazi unabaki nyuma tu. Visipokuwa na alama, kaza kwa kupokezana, huku kidogo kule kidogo, mpaka uwazi wa mbele na wa nyuma ulingane. Bolti za milimita 8 za mahali hapa kwa kawaida hukazwa kati ya nyutoni mita 20 na 25, ila kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye neno la mwisho. Asiye na spana ya kupimia atumie spana fupi na nguvu ya mkono mmoja. Kuunga bomba kwenye spana ni kwa bolti za ekseli ya lori. Hapa utakwangua nyuzi za bamba la juu, lile linaloshika shokapu mbili za mbele, na bamba hilo ni aluminiamu.

Ukishazungusha usukani, mkono wa klachi na wa breki nayo imezunguka, na hapa ndipo wengi wanapoishia njiani. Kaa tena kwenye siti, nyosha vidole juu ya mkono wa klachi. Kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole uwe mstari mmoja, kifundo kisikunjike. Mkono ukiwa umeinuka sana, utakuwa unakunja kifundo kwenda juu kila unapobadili gia, na kwa mtu wa bodaboda hiyo ni kutwa nzima. Legeza bolti ya kibano chake, kishushe au kipandishe, kaza. Kama pikipiki yako ina breki ya mafuta mbele, kikopo cha mafuta ya breki kisilale upande. Kikae karibu na usawa. Swichi usizilazimishe: ndani zina kijipini kinachoingia kwenye tundu la bomba, na ukizisokota kwa nguvu kinakatika.

Halafu angalia waya wa mafuta. Mkono wako wa kulia ndio unaouma, na huo haupumziki kama wa kushoto. Gripu ya mafuta iwe na mchezo wa milimita 2 hadi 6 kabla waya haujaanza kuvuta. Mchezo ukizidi, unasokota kifundo zaidi kupata mwendo uleule. Na unapoishika gripu, ishike kifundo kikiwa kimeinuka kidogo, ili ukivuta mafuta kije kwenye mstari. Ukianza na kifundo kilicholala, ukivuta kinakunjika kabisa.

Kabla ya kutoka, washa injini iwe sailensa, yaani ingurume bila kuvuta mafuta. Peleka usukani wote kushoto, kisha wote kulia. Injini ikipanda mlio, kuna waya umevutika. Usiondoke mpaka umeupanga upya. Hakikisha vidole havibanwi kwenye tenki, waya za klachi na breki hazijajikunja, taa ya breki inawaka ukibana. Kisha usiende nayo Ikungi siku hiyohiyo. Zunguka mjini spana ikiwa mfukoni, rekebisha, zunguka tena.

Ganzi ikibaki, tafuta mtetemo. Bolti zinazoshika injini kwenye fremu zikilegea, usukani ndio wa kwanza kukuambia. Vibano vingine chini vina bushi za mpira zinazokwisha. Na vile vyuma vizito vya mwishoni mwa usukani, ambavyo watu huving'oa ili kuweka mapambo, viliwekwa kupunguza mtetemo. La mwisho, legeza mshiko. Dereva aliyenipakia jana alikuwa ameshika gripu kama anakaba jogoo wa sikukuu.

Ukiwa umefanya yote haya na bado unajikunja, hapo una haki ya kununua vipande vya kuinulia usukani. Soma jibu la mwenzako wa Mtwapa.

Kamwene fundi. Natoa chanjo vijijini upande wa Lupembe, Njombe. Pikipiki ya ofisi ni Yamaha ndefu ya njia mbovu, yenye tairi za meno. Mimi sifiki futi tano na inchi moja. Mabega yananiuma na klachi inanishinda vidole, hasa asubuhi kwenye baridi. Wenzangu wanaume wanasema nitazoea.
*Mhudumu wa afya, Njombe*

Kamwene dada. Hao wanaokwambia utazoea vidole vyao vinafika. Pikipiki ile ilitengenezwa kwa mtu mwenye mikono mirefu, na hilo linarekebishika bila kununua kitu.

Anza na klachi. Ule mkono wa klachi ni wenzo: kadiri unavyoushika mbali na msumari wake, yaani pale unapozungukia, ndivyo unavyokuwa mwepesi. Mwenye vidole vifupi mara nyingi vinamfika karibu na msumari, pale palipo pagumu. Legeza kibano cha mkono wa klachi ukisogeze ndani, kuelekea katikati ya usukani, sentimita moja au mbili, ili vidole vyako viwili vya kwanza viushike karibu na ncha yake. Utashangaa. Fanya hivyo na upande wa breki pia, ukiangalia kwamba waya au mpira wa breki haukunjwi.

Pili, waya wenyewe. Kwenye vumbi la huko unakauka na kujaa uchafu. Mwambie fundi auchomoe juu, adondoshe oili ya injini ndani taratibu mpaka itokee chini. Ukiwa na uzi hata mmoja uliokatika pale kichwani, ubadilishwe. Hautakwambia siku ya kukatika.

Tatu, mchezo wa klachi. Ncha ya mkono huwa na mchezo wa milimita 10 hadi 20. Wewe kaa karibu na 20, ili klachi ishike mkono ukiwa umeshakaribia gripu na vidole vimeshafika. Lakini jaribu: weka gia ya kwanza, bana klachi yote. Pikipiki ikijivuta yenyewe au gia zikigoma, umelegeza mno.

Usukani uzungushe kuja nyuma kwa kipimo nilichomweleza wa Singida. Hapo kuna bei ya kulipa: kwenye njia mbovu unatakiwa kusimama juu ya pedali, na usukani uliovutwa nyuma unamfanya aliyesimama ainame. Wewe ni mfupi, hautakusumbua kama unavyomsumbua mrefu, ila jaribu zote mbili, umekaa na umesimama, kabla ya kukaza mwisho.

Usukani wa pikipiki hizo pia ni mpana, na upana ndio unaokuchosha mabega. Wapo wanaoukata kwa msumeno wa chuma, sentimita moja au moja na nusu kila upande. Unafaa ukiwa wako. Huo ni wa ofisi, kwa hiyo andika barua kwa anayesimamia usafiri kwanza, na usishangae akichelewa kujibu.

Kuhusu baridi, glavu nene zinainenepesha gripu, na mkono mdogo unachoka haraka zaidi. Glavu nyembamba ndani, na yale makava makubwa ya mikono yanayofungwa kwenye usukani kwa nje. Ukiyafunga hakikisha vidole vinafika klachi na breki bila kupapasa, na gripu ya mafuta inarudi yenyewe ukiiachia. Kava likiishikilia gripu, pikipiki haitapungua mwendo unapotaka.

Mzee, mambo? Nimepindua usukani wa pikipiki yangu, sasa gripu ziko chini, inafanana na ya mashindano. Ila mikono inauma. Nitengeneze nini?
*Temeke, Dar es Salaam*

Poa. Upindue tena. Pikipiki ya mashindano ina pedali zilizorudishwa nyuma na juu, na upepo wa mwendo mkali unakiinua kifua cha mwendeshaji. Wewe pedali zako ziko mbele, na kwenye foleni ya Mbagala hakuna upepo wa kukuinua. Uzito wote uko kwenye vifundo. Tena waya zilizopimwa kwa usukani wa juu sasa zimejikunja, na nadhani ukikata kona yote kidole gumba kinagusa tenki. Gereji nyingine watakufurahisha kwa kukuwekea stika.

Fundi, salaam aleikum. Niko Mtwapa, nabeba watu hadi Kikambala. Niliagiza mtandaoni vipande vya kuinulia usukani, vimefika lakini havishiki, usukani unacheza ndani yake. Muuzaji ananambia niweke kipande cha bati. Pia nina mwavuli mkubwa nimeufunga kwenye usukani, je utazuia?
*Mpanda boda, Mtwapa*

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Ulivyoletewa ni vya usukani mnene. Usukani wa pikipiki nyingi ndogo ni milimita 22 pale kwenye vibano. Ule mnene wa pikipiki za mchezo na za safari ndefu ni milimita 28.6. Vipo vikuku vya aluminiamu vilivyotengenezwa maalumu kujaza tofauti hiyo, vinaingia sawasawa pande zote, na hivyo vinakubalika. Bati la kukata mwenyewe halikubaliki, wala ngozi, wala mpira wa tairi. Vitu hivyo vinapondeka, bolti inalegea, na usukani unazunguka mkononi mwako unapofunga breki. Mrudishie muuzaji akupe vya 22. Wengine mkiagiza, pimeni kwanza kwa kipimo cha fundi, msipime kwa macho.

Vikishafika, angalia bolti. Kipande cha kuinua kikiwa na kimo cha milimita 30, bolti nazo ziwe ndefu kwa milimita 30 zaidi ya za zamani. Bolti ya milimita 8 nataka iwe imeingia kwenye nyuzi si chini ya milimita 12. Ihesabu kwa mizunguko: bolti hizi kwa kawaida zinashuka milimita 1.25 kwa mzunguko, kwa hiyo kama imekaza baada ya mizunguko minne au mitano, haijashika kitu. Soma na kichwa chake. Iwe imeandikwa 8.8 au zaidi. Bolti isiyo na namba inafaa kufungia bango la duka.

Usipande zaidi ya waya zako zinavyoruhusu. Milimita 20 hadi 30 pikipiki nyingi huvumilia ukipanga upya njia ya waya. Zaidi ya hapo utanunua waya ndefu za klachi, mafuta na breki. Na hiyo hesabu muuzaji wa mtandaoni hakuambii.

Mwavuli nakuomba uuondoe. Najua jua la pwani, na najua mvua ya masika inavyomshukia mtu bila kubisha hodi. Lakini upepo wa baharini ukiukamata, unausukuma usukani moja kwa moja, nawe unajibu kwa mabega kutwa bila kujua. Sasa unataka kuupandisha usukani, yaani mwavuli nao upande, na upepo upate mkono mrefu zaidi wa kuusokota. Si ajabu maumivu uliyotaka kuyatibu kwa vipande hivyo yameletwa na mwavuli. Uondoe wiki moja kabla hujatumia pesa nyingine.

Habari za kazi fundi. Nilianguka kwa mwendo mdogo kwenye tope. Sasa nikienda moja kwa moja usukani umeelekea kushoto, bega la kulia linachoka. Fundi wa hapa anasema ninunue usukani mpya. Ni kweli?
*Ujiji, Kigoma*

Nzuri, ndugu. Huenda ni kweli, ila angalia kwanza, kwa sababu kwa kuanguka kudogo mara nyingi usukani ni mzima na kilichosokotwa ni shokapu ndani ya vishikio vyake.

Simama mbele ya pikipiki, tairi likiwa limenyooka. Tazama bamba la juu linaloshika shokapu mbili na ulinganishe na ekseli ya chini. Kama bamba na ekseli viko sambamba lakini gripu moja iko mbele na nyingine nyuma, bomba limepinda. Hapo fundi wako amesema kweli. Nunua jipya, usikubali lile linyooshwe kwa nyundo. Kama bamba lenyewe ndilo limekaa mshazari na ekseli, weka pochi mfukoni.

Weka stendi kubwa. Legeza nati ya ekseli ya mbele, bolti za madigadi ya mbele, na bolti za kishikio cha chini cha shokapu. Vya juu viache vimekaza. Ukivilegeza vyote kwa pamoja bila kuegemeza fremu, pikipiki itazama kwenye shokapu zake. Bana tairi katikati ya magoti ukiitazama pikipiki, shika gripu zote mbili, sukuma upande unaotakiwa mpaka bamba na ekseli vilingane. Isipotii hata kidogo, legeza vya juu robo mzunguko tu, fremu ikiwa imeegemezwa kwa gogo.

Ikishanyooka, kaza kishikio cha chini kwanza, kwa kupokezana. Kisha ishushe kutoka kwenye stendi, bana breki ya mbele, ikandamize mbele mara kadhaa shokapu zijipange, ndipo ukaze madigadi na ekseli. Ikikataa kunyooka baada ya hapo, bomba la shokapu au mhimili wa usukani umepinda na ni kazi ya kufungua.

Na ukiwa umeinua tairi la mbele, zungusha usukani taratibu kwa kidole kimoja. Ukihisi unajikwaa pale katikati, goroli zimekula bakuli zake. Hilo nalo linachosha bega, maana unapigana na usukani barabara nzima, na kuanguka mara nyingine ndiko kunakomalizia. Kama uko sawa, hakikisha breki ya mbele inashika kabla hujaingia barabarani, kwa sababu ekseli uliyoigusa ndiyo inayoshika na breki.